Ofisi kubwa imenifanya mtu wa milango. Nihamie kwa watu wanne?

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma safu yako kimyakimya kwa muda mrefu. Barua nyingi unazojibu ni za ndoa na wakwe, na yangu ni ya kazi, ndiyo maana nimesitasita kukuandikia. Lakini imefika mahali jambo lenyewe siwezi kulizungumza nyumbani wala ofisini, basi naomba unisikilize.

Mimi ni msanifu majengo. Usajili kamili bado sijaupata. Nimebakiza kujaza rekodi ya mafunzo ya kazini na kufanya mtihani wa mwisho. Nilipotoka chuo niliajiriwa na kampuni kubwa ya usanifu, yenye matawi nchi mbalimbali na jina ambalo ukilitaja mbele ya wasanifu wenzako wanageuza shingo. Darasa letu karibu zima liliomba nafasi pale, tukachukuliwa wawili. Baba alipiga simu kwa ndugu mmoja baada ya mwingine kutangaza, na mpaka leo mgeni akija nyumbani ataambiwa ninapofanya kazi kabla hajaambiwa jina langu.

Nilidhani nitakuwa nachora majengo. Nilianza na vyoo vya jengo la ofisi, nikasema sawa, kila mtu huanzia mahali. Kisha nikahamishiwa mradi wa hospitali, na huko ndiko niliko mwaka wa tatu sasa. Kazi yangu ni milango. Sifanyi mzaha, Shangazi. Hospitali ile ina milango zaidi ya elfu mbili, na kila mmoja una mstari wake kwenye jedwali: upana wake, unafungukia upande gani, fremu ya nini, bawaba ngapi, kitasa kipi, una kioo au hauna, unatakiwa kuhimili moto kwa dakika ngapi, unafunguliwa kwa kadi au kwa ufunguo. Mhandisi akisogeza nguzo, milango kadhaa inabadilika. Wawakilishi wa wauguzi wakija na hoja zao, mingine inabadilika. Nikimaliza kurekebisha, toleo jipya la modeli ya jengo kwenye kompyuta linatoka na naanza tena juu.

Majuzi niligundua kuwa mlango wa chumba kimoja cha kuandalia wagonjwa kabla ya upasuaji, ukifunguliwa wote, unagonga bomba la sinki la kunawia. Maana yake hauwezi kufunguka mpaka mwisho, na kitanda chenye mgonjwa na mtungi wa dripu hakiwezi kupita bila kuchomekwa kwa mshazari. Kosa hilo lilikuwa limejirudia kwenye vyumba vyote vya aina hiyo. Nilimwonyesha kiongozi wangu, akashukuru, likarekebishwa. Kwenye muhtasari wa kikao iliandikwa “timu imebaini”. Basi.

Wanaochora sura ya jengo wanakaa ghorofa ya juu yetu. Wao ndio wanaitwa wabunifu. Sisi ni watu wa michoro ya kazi. Nikipanda huko juu huwa nimetumwa kupeleka karatasi au kuuliza urefu wa dari.

Sitaki uone kama sina shukrani. Mshahara unaingia tarehe ileile kila mwezi. Nina bima ya afya, likizo yenye malipo, na kampuni imeahidi kunilipia ada ya mtihani. Kuna mzee mmoja wa idara ya kuandika maelezo ya vifaa, ukimuuliza juu ya kioo au gundi anakueleza mpaka kiwanda kinavyoitengeneza. Nimejifunza mengi kwake. Na mdogo wangu yuko chuo, ada yake nusu natoa mimi.

Sasa, aliyekuwa kiongozi wangu wa kwanza pale, ambaye nimezoea kumwita Kaka, aliacha kazi akafungua ofisi yake. Wako watatu, anataka niwe wa nne. Ana shule ya msingi, nyumba mbili za watu binafsi na zahanati ndogo. Ameniambia, “Hii shule utaishika mwenyewe, kuanzia mchoro wa kwanza mpaka siku mteja anakabidhiwa funguo.” Mshahara unapungua, si kidogo. Bima hakuna. Anasema mambo yakikaa sawa tutazungumza juu ya mimi kuwa mshirika. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wenzangu niliosoma nao wanatuma picha za nyumba walizochora, zimekamilika, zimepakwa rangi, watu wanaishi ndani. Mimi mtu akiniambia nionyeshe kazi zako nitaonyesha nini? Jedwali? Picha za hospitali zikitoka zitakuwa na jina la kampuni, na hospitali yenyewe haijamaliza hata kuchimbiwa msingi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Usiku huwa nawaza kwamba labda nilikuwa mbunifu chuoni tu, na kwamba wamenipa milango kwa sababu walishaona ndicho ninachoweza.

Niambie, Shangazi. Niondoke?

Mtu wa Milango

*

Marahaba mwanangu,

Barua za kazi nazipenda, usisite tena. Yako nimeirudia mara kadhaa, kisha nikakaa na wasanifu wawili ninaowaamini, mmoja wa kampuni kubwa na mmoja wa ofisi ndogo, nikawauliza bila kutaja lolote la kukutambulisha. Walibishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemshinda mwenzake, kwa hiyo usitarajie kwamba mimi nitakutolea hukumu.

Nikikuelewa vizuri, umeniuliza swali moja lakini barua imebeba mawili. La kwanza ni kubaki kampuni kubwa au kwenda ofisi ndogo. La pili umelificha karibu na mwisho: je, mimi bado ni mbunifu? Haya mawili yanafanana sura, na ndiyo hatari yake. Unaweza kumjibu Kaka ndiyo kwa sababu tu unataka kulinyamazisha lile la pili. Ukifika kwake ukakuta wiki nzima unafuatilia kibali cha ujenzi na malipo ya mteja, swali litakuwa palepale, na safari hii bila bima.

Basi niruhusu nianze na hilo la pili.

Umesimulia habari ya ule mlango na sinki kama malalamiko ya kutotajwa jina, na unayo haki ya kulalamika. Lakini hebu isome kama mtu mwingine. Ulikuwa unatazama mistari kwenye kompyuta, ya chumba ambacho hakijajengwa, ukaona kitanda kinapita, ukaona mgonjwa yuko juu yake, ukaona mtungi wa dripu, na ukajua kitakwama. Waliochora chumba hicho hawakukiona kitanda. Mmoja wa wale wasanifu wangu, yule wa ofisi ndogo ambaye hana huruma na makampuni makubwa, aliposikia hilo alisema, “Huyo anajua kusoma jengo.” Sikupi maneno haya ili utulie hapo ulipo. Nakupa kwa sababu wazo kwamba ubunifu unakaa ghorofa ya juu na ninyi wa chini ni mikono tu ni mpangilio wa viti vya ofisi yenu, na umeanza kuuamini kama kipimo cha kipaji chako.

Na kuhusu kupewa milango kwa sababu walishakuona: inawezekana. Lakini sababu ya kawaida zaidi ni kwamba mradi ulihitaji mtu wa milango siku uliyokuwa huna kazi nyingi, ukaifanya vizuri, hukulalamika, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kukuhamisha. Anayefanya vizuri kazi ya kuchosha kimyakimya huongezewa ileile. Hii si ya wasanifu peke yao, ila kwenu imezidi kwa sababu miradi yenu huchukua miaka.

Hapo nakuja kwenye kitu ambacho barua yako haikusema popote. Je, umewahi kuomba kubadilishiwa kazi? Sizungumzii kunung'unika kwenye meza ya chakula. Nauliza kuomba rasmi, kwa kiongozi wako au kwa anayesimamia mafunzo, ukisema: rekodi yangu ya usajili ina mapengo haya, nataka kwenda saiti, nataka kukaa kwenye vikao vya mteja. Kama uliomba wakakunyima, barua yako inabadilika kabisa na ningependa kujua. Kama hukuomba, basi unataka kuondoka mahali ambapo bado hujasema unachotaka.

Unayo hoja nzuri ya kuwapelekea, na wala si ya hisia. Waingereza, kupitia chama chao cha wasanifu, RIBA, hugawa maisha ya mradi katika hatua 8, zinazohesabiwa kuanzia 0 hadi 7: kuanzia pale mteja anapojiuliza kama anahitaji jengo kweli, kupitia wazo la awali, uratibu, michoro ya kina, ujenzi, makabidhiano, hadi jengo linapotumika. Wewe miaka yote hii umeishi hatua ya 4, ya michoro ya kina. Marekani nao, kwa utaratibu wa sasa wa baraza lao la usajili, hutaka mwanafunzi wa kazi akusanye saa 3,740 zilizogawanywa katika maeneo 6, yakiwemo uendeshaji wa ofisi, usimamizi wa mradi na ufuatiliaji wa ujenzi. Sijui wewe unasajiliwa chini ya bodi ipi, lakini mantiki ni ileile: hakuna anayetaka kumpa leseni mtu aliyeona upande mmoja wa kazi. Kwa hiyo unachokosa kinaweza kuelezwa kwa majina ya hatua, na kampuni iliyoahidi kukulipia ada ya mtihani ina sababu ya kusikiliza.

Tukija sasa kwenye ukubwa wenyewe. Wazee walisema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, na naona unaifikiria kampuni kubwa kama kitu kimoja chenye tabia moja. Waliokaa humo wanasema ni ofisi ndogo nyingi zilizowekwa chini ya jina moja, na maisha yako yanategemea umekaa kwenye ipi na chini ya nani. Timu ya hospitali yenye mradi wa miaka minane haifanani na timu ya mashindano ya usanifu inayolala ofisini wiki mbili kisha inatawanyika. Kampuni ya usanifu ya Gensler, ambayo leo ina maelfu ya wafanyakazi duniani, ilianza San Francisco mwaka 1965 na watu 3.

Na ukubwa unafanya mambo ambayo udogo hauwezi. Katika kampuni ya usanifu ya SOM (Skidmore, Owings & Merrill), iliyoanzishwa Chicago mwaka 1936, msanifu Bruce Graham na mhandisi Fazlur Khan walikuwa chini ya paa moja. Kutokana na ukaribu huo wa mchoraji na mpiga hesabu, Khan aliweza kuendeleza mifumo ya miundo inayolifanya jengo refu lisimame kama mrija mmoja au mirija iliyofungwa pamoja, na mwaka 1973 jengo la Sears Tower la Chicago likafikia kimo cha mita 442. Ofisi ya watu wanne humkodi mhandisi kwa vipindi, na akija anakuja na haraka zake. Wewe una mzee wa maelezo ya vifaa ambaye unamfuata mezani kwake na kumuuliza bure. Ukiondoka, gharama yake utaijua siku ya kwanza utakapolazimika kuamua gundi peke yako.

Lakini SOM hiyohiyo inakupa haki kwenye malalamiko yako. Alikuwepo msanifu mmoja mwanamke, Natalie de Blois, aliyefanya kazi hapo kuanzia 1944 hadi 1974. Alishika nafasi kubwa katika ubunifu wa majengo ambayo kwa miaka mingi yalitajwa kwa jina la bosi wake, Gordon Bunshaft. Lever House ya New York, iliyokamilika 1952, ni mojawapo. Sifa yake imerudishwa polepole, na sehemu kubwa akiwa ameshastaafu. Kwa hiyo “timu imebaini” si jambo dogo, na halikuanza na wewe.

Ila nikuulize na upande wa pili: ofisi ya Kaka inaitwa jina la nani? Shule hiyo ikikamilika na ikapendeza, bango la saiti litaandikwaje? Anaweza kuwa muungwana akakutaja. Wengi hawafanyi hivyo, na si kwa ubaya. Ofisi changa inahitaji jina moja ili itafutie kazi nyingine, na jina hilo huwa la mwenye ofisi. Pia, ile “utaishika mwenyewe” ina maana nyingi. Katika ofisi ndogo nyingi kalamu ya mchoro wa kwanza haitoki mkononi mwa mwenyewe, maana hiyo ndiyo sehemu tamu iliyomfanya aache ajira. Anayeshika mradi hushika yaliyobaki: simu za mkandarasi, fundi aliyeweka dirisha pasipo pake, mteja aliyebadilisha mawazo baada ya kurudi safari. Hayo ni mafunzo makubwa, na ndiyo hasa unayoyakosa. Lakini nenda ukijua kuwa ndiyo uliyoyafuata.

Nitakusumbua kidogo kuhusu huyu Kaka. Unamfahamu kama kiongozi mwema, na nakuamini. Ila Kaka uliyemfahamu alikuwa na kampuni nzima nyuma yake: mhasibu, mwanasheria, idara ya kukagua michoro kabla haijatoka. Alipokuwa mpole kwako hakuwa anawaza mishahara italipwa na nini. Sasa ni mtu mwingine, mwenye kodi ya ofisi na mteja anayechelewesha malipo. Huenda bado ni mwema vilevile. Mimi ningetaka kukaa ofisini kwake siku nzima ya kawaida, siyo siku ya kunywa chai, nimsikilize anavyozungumza na mkandarasi kwa simu.

Umeandika juu ya usalama wa kazi kana kwamba uko upande mmoja tu. Mwaka 2008 na uliofuata, mikopo ya ujenzi ilipokauka, makampuni makubwa ya usanifu Marekani na Uingereza yalipunguza watu kwa mafungu, wakiwemo waliokuwa wakisifiwa mwezi mmoja kabla. Mradi mkubwa ukisimamishwa, timu nzima inakosa cha kufanya siku hiyohiyo, na hospitali yako ni mradi mmoja. Ofisi ndogo inaumia kwa namna yake: mteja mmoja kati ya wanne asipolipa, robo ya mapato imekwenda, na wa mwisho kuajiriwa ndiye anayetazamwa kwanza. Kwako, mwenye mdogo chuoni, swali la maana zaidi ni hili: ukikosa mshahara miezi mitatu mfululizo, nani atalipa ile nusu ya ada? Ukiwa na jibu la kueleweka, hatari ya kwenda inapungua sana. Ukiwa huna, si lazima ukatae, ila nadhani unahitaji muda wa kuweka akiba kwanza.

Hukutaja saa za kazi, nami nimeshangaa, kwa sababu wasanifu wengi wanaoniandikia hulalamikia hizo kabla ya chochote. Sehemu nyingine kulala ofisini wiki ya makabidhiano huonekana ni ushujaa, na saa za ziada hazilipwi. Hilo haliangalii ukubwa. Mwaka 2022 wafanyakazi wa Bernheimer Architecture ya New York waliunda chama cha wafanyakazi na mwenye ofisi akakitambua, jambo lililotangazwa sana kwa kuwa katika ofisi binafsi za usanifu huko halikuwa la kawaida kabisa. Na hiyo haikuwa kampuni ya maelfu ya watu, ilikuwa ofisi ya watu wachache. Muulize Kaka wanatoka saa ngapi. Akicheka, uliza tena.

Njia zilizo mbele yako ni zaidi ya mbili, ingawa barua imekupa mbili.

Unaweza kubaki na kuomba, kama nilivyosema. Hatari yake ni ile ahadi tamu ya “tutaangalia mradi ukifika hatua ya ujenzi”, nayo inaweza kumaliza miaka miwili huku ukisubiri msingi uchimbwe. Ukienda njia hii, omba kitu chenye tarehe, hata kama ni kidogo: siku moja kwa wiki kwenye saiti ya mradi mwingine, au kuhamishiwa timu nyingine baada ya toleo lijalo la michoro. Na usitaje ofa ya Kaka kama fimbo, isipokuwa uko tayari kweli kuondoka.

Unaweza kwenda sasa. Utajifunza haraka, utachoka, na utaona jengo likisimama, jambo ambalo wasanifu wote wawili niliozungumza nao walikubaliana kuwa hakuna kinacholifikia. Hatari ambayo sijaona ukiigusa ni ya usajili. Nani atakusainia rekodi yako ya mafunzo? Je, Kaka amesajiliwa kwa muda unaotosha kukusimamia kwa mujibu wa bodi yenu? Na ukichora michoro ya zahanati ile, ofisi yake ina bima ya dhamana ya kitaaluma, ile inayolipia madai ya makosa ya wasanifu, au mchoro ukiwa na kosa mnabeba madai wenyewe wote wanne? Hizi si dharau kwa Kaka. Mtu aliyejipanga atakujibu kwa dakika tano.

Unaweza kumwomba akusubiri mpaka umalize mtihani. Anaweza kumchukua mwingine, na utaumia. Lakini vile atakavyolipokea ombi hilo vitakuonyesha kitu. Mtu anayekutaka kama mshirika wa kesho anafaidika ukija ukiwa na leseni. Anayekutaka mwezi huu tu huenda ana michoro iliyochelewa.

Ipo pia kampuni ya kati, ya watu ishirini au arobaini, ambayo hukuitaja kabisa. Haina jina la kumfurahisha baba na haina uhuru anaokuahidi Kaka, lakini mara nyingi ndiko kijana anakoona mradi mzima na bado kuna mtu wa kukagua kazi yake. Sijui kama kuna nafasi. Najua tu kwamba hujatazama. Kuhusu kufanya miradi midogo jioni huku umeajiriwa, soma mkataba wako kwanza. Wengi hukatazwa, na ni njia mbaya ya kupoteza kazi.

Juu ya neno “mshirika” nitasema kidogo tu. “Mambo yakikaa sawa” haina tarehe wala kiasi. Ushirika ni kugawana faida, na ni kugawana madeni vilevile. Mwambie aandike ukurasa mmoja: baada ya muda gani, kwa sharti gani, asilimia ngapi. Akisema kuandikiana kunaonyesha hamwaminiani, mkumbushe kwamba na wateja wake anaandikiana nao.

Baba yako atasema anachosema kwa mwaka mmoja, kisha atapata la kuwaambia wageni. Hilo nakuomba usilipe uzito kuliko linavyostahili.

Lile la kuonyesha kazi zako lina suluhisho sasa hivi, ubaki au uende. Michoro ni mali ya kampuni, na ya hospitali mara nyingi ina masharti ya siri, kwa hiyo usitoke na faili mfukoni. Omba kwa maandishi ruhusa ya kuonyesha kurasa chache ulizochora wewe, na uombe ukiwa bado ndani, maana ukishaondoka barua yako itakaa kwenye meza ya mtu asiyekujua. Pamoja nazo andika kwa maneno yako ulichoamua: vyumba gani, uliratibu na mhandisi gani wa fani gani, ulibaini nini na kikarekebishwaje. Wanaoajiri wasanifu wameona picha nyingi za nyumba zilizopakwa rangi. Mtu anayeweza kueleza kwa nini mlango una upana ule, na nini kingetokea ungepungua, hawamwoni mara nyingi.

Mwisho wa mwezi ni tarehe aliyoiweka Kaka, siyo wewe. Mwombe wiki mbili zaidi, na katika wiki hizo zungumza na kiongozi wako, kaa siku moja kwenye ofisi ile ndogo, na upige hesabu ya ada bila kujidanganya. Kisha niandikie, nami nitapenda hasa kujua alijibu nini ulipomuuliza nani atakusainia.

Shangazi wako